Marudio ya dhahabu: mali iliyolala katika taka za uchenjuaji

Na Mwandishi Wetu

Katika mialo ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa, kando ya kila karasha huonekana vichuguu vya mchanga laini wa rangi ya kijivu au ya kutu. Mawe yamekwisha kusagwa, mchanga umekwisha kuoshwa, dhahabu iliyoonekana kwa macho imekwisha kunaswa kwa zebaki na kuuzwa. Kinachobaki huitwa marudio. Kwa mtu apitaye njia, hiyo ni taka. Kwa mtaalamu wa uchenjuaji, mara nyingi hiyo ndiyo sehemu kubwa zaidi ya mali iliyotoka shimoni.

Makala haya yanaeleza marudio ni nini, kwa nini dhahabu hubaki ndani yake, namna inavyotolewa, hatari zilizomo katika kazi hiyo, na mambo ambayo mchimbaji mdogo anapaswa kuyafahamu kabla ya kuuza au kuacha rundo lake. Yanaeleza pia mifano ya nchi jirani ambako taka za migodi na viwanda vya zamani zimegeuzwa kuwa chanzo cha madini mengine, yakiwemo kobalti na jemaniamu.

Marudio, makinikia na topesumu

Maneno haya matatu husikika mara kwa mara katika habari za sekta ya madini, na baadhi ya watu huyachanganya. Ni vema yakatofautishwa tangu mwanzo.

Makinikia si taka. Ni mchanga uliokwisha kuchenjuliwa kwa hatua za awali ili kukusanya madini mahali pamoja na kuondoa sehemu kubwa ya mwamba usio na thamani. Neno hili lilienea nchini mwaka 2017, Serikali ilipozuia usafirishaji wa makontena ya makinikia yenye dhahabu, shaba na fedha kwenda nje ya nchi kuyeyushwa.

Topesumu ni mabaki ya uchenjuaji yaliyo katika hali ya tope, ambayo migodi mikubwa huyahifadhi katika mabwawa maalumu kwa sababu yana kemikali au madini yanayoweza kudhuru viumbe.

Marudio ni jina ambalo wachimbaji wadogo huyapa mabaki yao baada ya kuosha mara ya kwanza, wakiwa na nia ya kuyarudia siku nyingine. Jina lenyewe linabeba maana: mchanga haujamalizika, bado utarudiwa. Kwa maana ya kitaalamu, marudio na topesumu ni ndugu. Tofauti iko katika ukubwa wa kazi, kemikali zilizotumika na namna ya kuhifadhi.

Kwa nini dhahabu hubaki

Dhahabu haikai ndani ya mwamba kwa namna moja. Sehemu yake ni punje zinazoonekana au zinazoweza kushikwa na maji na zebaki. Sehemu nyingine ni chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, ambazo maji huzibeba kama vumbi. Sehemu ya tatu imefungwa ndani ya madini mengine, hasa madini ya salfa kama pairaiti, ambayo wengi huyaita dhahabu ya wapumbavu kwa mng'ao wake wa manjano.

Njia inayotumiwa na wachimbaji wadogo wengi ni kusaga mbale, yaani mawe yenye dhahabu, kisha kuupitisha mchanga wake pamoja na maji juu ya ubao wa mteremko uliotandikwa gunia la mkonge au zulia. Punje nzito hunasa katika nyuzi. Baadaye mchanga ulionaswa huchanganywa na zebaki kwenye karai, zebaki hushikamana na dhahabu, na donge linalopatikana huchomwa ili zebaki igeuke mvuke na dhahabu ibaki.

Njia hii ni rahisi na haihitaji mtaji mkubwa, lakini hukamata zile punje za kundi la kwanza tu. Kwa kawaida hupatikana kati ya asilimia 30 na 50 ya dhahabu yote iliyokuwamo kwenye mawe. Kilichobaki huenda na mchanga. Kusaga kusikotosha huongeza hasara, kwa kuwa punje ya dhahabu iliyozungukwa na jiwe haiwezi kukutana na zebaki. Kusaga kupita kiasi nako kuna hasara yake, kwa sababu punje laini huelea na kuondoka na maji.

Hesabu ndogo yatosha kuonesha uzito wa jambo hili. Tuchukue mfano wa mchimbaji aliyesaga tani 10 za mawe yenye wastani wa gramu 12 za dhahabu kwa kila tani. Ndani ya mawe hayo mna gramu 120. Iwapo zebaki imemkamatia asilimia 40, amepata gramu 48, na gramu 72 zimebaki katika marudio. Mtambo wa sayanaidi unaofanya kazi vizuri na kupata asilimia 85 ya dhahabu hiyo utatoa gramu 61. Kwa maneno mengine, aliyenunua marudio amepata dhahabu nyingi kuliko aliyechimba shimo, aliyelipa baruti, aliyevuta maji na aliyekaa chini ya ardhi.

Namna dhahabu inavyotolewa

Msingi wa kazi hii ni ugunduzi wa karne ya 19. Mwaka 1887, John Stewart MacArthur na ndugu wawili wa ukoo wa Forrest walisajili huko Glasgow, Uskoti, njia ya kuyeyusha dhahabu kwa maji yaliyochanganywa na kiasi kidogo cha sayanaidi. Miaka michache baadaye njia hiyo ilipelekwa katika machimbo ya Witwatersrand, Afrika Kusini, ambako migodi ilikuwa imefikia mwamba wenye salfa usiokubali zebaki. Dhahabu iliyokuwa ikipotea pamoja na mchanga ilianza kupatikana, na machimbo yaliyokuwa yakielekea kufa yakapata uhai mpya. Hadi leo, pembezoni mwa Johannesburg, vilima vya mabaki ya zamani husombwa kwa mabomba ya maji yenye nguvu na kuchenjuliwa upya.

Kwa Tanzania, njia inayotumiwa sana katika marudio ya wachimbaji wadogo ni ya vati. Vati ni tangi kubwa la zege au saruji ambalo hujazwa marudio yaliyokaushwa na kuchanganywa na chokaa. Hatua zake kuu ni hizi.

Kwanza, marudio huandaliwa. Yakiwa na udongo wa mfinyanzi mwingi, maji hayapiti vizuri, na sehemu ya rundo hubaki kavu bila kuguswa na dawa. Kwa sababu hiyo mchanga hupondwa, huchekechwa na mara nyingine huviringishwa pamoja na saruji kidogo ili upitishe maji.

Pili, chokaa huongezwa ili kuufanya mchanganyiko uwe na ubesi wa kutosha, yaani pH isiyopungua 10. Hatua hii hairukwi kwa hali yoyote. Sayanaidi ikikutana na maji yenye asidi hugeuka gesi inayoua ndani ya dakika chache.

Tatu, maji yenye sayanaidi humwagwa juu ya mchanga na kuachwa yapenye polepole hadi chini, kisha huzungushwa tena kwa siku kadhaa. Hewa ni sehemu ya kazi hii, kwa kuwa bila oksijeni dhahabu haiyeyuki.

Nne, maji yaliyobeba dhahabu hupitishwa katika mapipa yenye kaboni amilifu, ambayo kwa kawaida hutengenezwa kwa vifuu vya nazi vilivyochomwa kwa namna maalumu. Vitundu visivyohesabika vya kaboni hiyo huivuta dhahabu na kuishikilia.

Tano, kaboni iliyoshiba hupelekwa katika mtambo mwingine, ujulikanao kama mtambo wa elusheni. Huko hupitishiwa maji ya moto yenye kostiki soda na sayanaidi ili iiachie dhahabu. Umeme hutumika kuikusanya dhahabu hiyo juu ya nyuzi za chuma, ambazo baadaye huyeyushwa pamoja na boraksi ili kupata kipande cha dhahabu ghafi.

Mitambo mikubwa zaidi haitumii vati bali matangi yenye mapanga yanayokoroga tope mfululizo huku kaboni ikiwa ndani yake. Njia hiyo huchukua saa badala ya siku, na hutoa dhahabu zaidi, lakini huhitaji umeme wa uhakika, wataalamu na mtaji mkubwa.

Si kila marudio yanafaa kwa sayanaidi. Yenye shaba nyingi hula dawa kabla dhahabu haijaguswa, na gharama hupanda. Yenye dhahabu iliyofungwa ndani ya pairaiti huhitaji kuchomwa au kuoksidishwa kwanza. Ndiyo maana mtambo mmoja unaweza kufanikiwa kwa marudio ya kijiji kimoja na kushindwa kwa marudio ya kijiji cha jirani.

Nani mwenye marudio

Swali hili ndilo linalogusa mfuko wa mchimbaji kuliko maswali yote ya kikemia. Katika maeneo mengi, mwenye karasha husaga mawe ya mchimbaji kwa ada ndogo au bila ada, kwa makubaliano kwamba marudio yatabaki kwake. Mchimbaji huondoka na dhahabu iliyonaswa na zebaki siku hiyohiyo, na kwa mtu mwenye njaa na madeni huo si uamuzi wa kijinga. Lakini kama hesabu ya hapo juu inavyoonesha, huenda malipo ya kusaga yamekuwa zaidi ya nusu ya dhahabu yake.

Makubaliano ya namna hiyo si kosa, mradi kila upande unajua unachotoa na unachopokea. Tatizo ni kwamba upande mmoja hupima na upande wa pili hukisia. Mwenye mtambo wa vati hupeleka sampuli maabara kabla ya kununua. Muuzaji hutazama rangi ya mchanga na ukubwa wa rundo.

Dawa ya tatizo hilo ni kipimo. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST), yenye makao makuu Dodoma, hupima sampuli za madini, na zipo maabara binafsi katika mikoa yenye uchimbaji. Hata hivyo kipimo cha maabara hakiwezi kuwa bora kuliko sampuli iliyopelekwa. Kuchota kiganja kimoja juu ya rundo hakutoshi, kwa sababu chembe nzito hutuama chini na maji ya mvua huhamisha nyingine. Njia sahihi ni kuchukua mchanga sehemu nyingi za rundo, kwa vina tofauti, kuuchanganya vizuri juu ya turubai, kuufanya duara, kuugawa mafungu manne, kutupa mafungu mawili yanayotazamana na kuchanganya tena yaliyobaki. Zoezi hurudiwa hadi ibaki sampuli ya kilo moja au mbili. Sampuli hiyo hugawanywa: sehemu kwa muuzaji, sehemu kwa mnunuzi, na sehemu ihifadhiwe ikiwa imefungwa, ili kukitokea ubishi pawe na cha kurejea.

Jambo la pili ni maji. Rundo linaloonekana kuwa na tani 10 linaweza kuwa na tani 8 tu za mchanga mkavu ikiwa asilimia 20 ya uzito wake ni unyevu. Kwa marudio yenye gramu 7.2 kwa tani, tofauti hiyo ni gramu 14 za dhahabu katika hesabu. Mkataba wa haki hutaja uzito mkavu, kiwango cha dhahabu kilichopimwa, na asilimia ambayo mtambo unatarajiwa kutoa.

Jambo la tatu ni umoja. Rundo la mtu mmoja mara nyingi halijazi vati. Wachimbaji waliojiunga katika ushirika wanaweza kukusanya marudio yao, kuyapima kwa pamoja na kukodi mtambo badala ya kuuza mchanga. Faida hugawanywa kwa uzito na kiwango cha kila mmoja, jambo ambalo hurejesha hoja ileile: asiyepimiwa hana hesabu.

Zebaki na sayanaidi zikikutana

Wachenjuaji wengi huichukulia zebaki na sayanaidi kama hatari mbili tofauti. Hatari kubwa zaidi huanza zinapokutana. Marudio yaliyopitishiwa zebaki hubaki na matone yake yasiyoonekana. Mchanga huo ukiwekwa katika vati, sayanaidi huyeyusha zebaki kama inavyoyeyusha dhahabu. Zebaki iliyokuwa imetulia katika rundo moja huingia katika maji, na maji yakivuja huibeba hadi visimani, mitoni na ziwani. Sehemu nyingine hushikwa na kaboni, kisha huruka kama mvuke katika mtambo wa elusheni na katika chumba cha kuyeyushia dhahabu.

Ndani ya tope la mito na maziwa, vijidudu huibadilisha zebaki kuwa aina inayoingia kwa urahisi katika miili ya viumbe. Samaki wadogo huila, samaki wakubwa huwala wadogo, na mwisho hufika mezani. Waathirika wakuu ni watoto walio tumboni, kwa kuwa sumu hiyo huharibu ubongo unaokua. Dunia ililijua jambo hili kwa uchungu huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa uliosababishwa na zebaki ya kiwandani ulitambuliwa rasmi mwaka 1956.

Mkataba wa kimataifa uliopewa jina la mji huo ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017. Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Kiambatisho chake kinachohusu uchimbaji mdogo wa dhahabu kinazitaka nchi wanachama kuchukua hatua za kukomesha vitendo vinne: kuchanganya zebaki na mawe yote bila kwanza kukusanya mchanga wenye dhahabu, kuchoma donge la zebaki mahali pa wazi, kulichoma katika makazi ya watu, na kutumia sayanaidi juu ya marudio yenye zebaki ambayo haijaondolewa. Kitendo cha nne ndicho kinachohusu moja kwa moja biashara ya marudio. Kwa mujibu wa tathmini ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018, uchimbaji mdogo wa dhahabu ndicho chanzo kikubwa kuliko vyote cha zebaki inayoingia hewani kutokana na shughuli za binadamu, kwa takriban asilimia 38.

Suluhisho la kudumu ni kutoianza safari hiyo kwa zebaki. Mchanga uliosagwa vizuri na kukusanywa kwa mteremko au kwa meza ya kutikisa unaweza kuyeyushwa kwa boraksi, na mabaki yake yakapelekwa kwenye sayanaidi yakiwa safi. Mahali ambapo zebaki bado inatumika, donge lichomwe ndani ya chombo kilichofungwa chenye bomba la kupozea mvuke, ili zebaki irudi katika hali ya maji na itumike tena badala ya kuvutwa na mchomaji na jirani zake.

Sayanaidi yenyewe, tofauti na zebaki, huvunjika kwa jua, hewa na muda, na zipo kemikali za kuharakisha kuvunjika huko kabla ya kumwaga mabaki. Hilo lisimfanye mtu aizoee. Kiasi kidogo kikimezwa huua, na mifugo inayokunywa maji ya vati hufa papo hapo. Uzio, sakafu isiyovuja, mabwawa yenye lainishi ya plastiki nzito, glavu, miwani na maji safi ya kunawa ni masharti ya kazi, si mapambo ya siku ya ukaguzi.

Uhifadhi wa mabaki ya mwisho nao una uzito wake. Novemba 7, 2022, kingo za bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, zilibomoka, na tope likafunika mashamba na makazi. Tukio hilo liliwakumbusha wote kwamba taka isiyotunzwa haikai mahali ilipowekwa.

Sheria na taasisi zinazohusika

Dhahabu iliyotoka katika marudio ni madini kama dhahabu iliyotoka shimoni, na inatawaliwa na Sheria ya Madini, Sura ya 123. Anayechenjua marudio anatakiwa kuwa na leseni ya uchenjuaji inayotolewa na Tume ya Madini, chombo kilichoundwa kufuatia marekebisho ya sheria ya mwaka 2017. Marekebisho hayo yaliweka mrabaha wa asilimia 6 kwa dhahabu, na ipo pia ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Mauzo hufanyika katika masoko ya madini yaliyoanzishwa kuanzia mwaka 2019, ambako muuzaji hupata bei inayofuata soko la dunia na kupimiwa mzigo wake mbele ya maofisa.

Kemikali husimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Anayeingiza, kuhifadhi, kusafirisha au kutumia sayanaidi au zebaki anapaswa kusajiliwa na mamlaka hiyo. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) husimamia tathmini ya athari kwa mazingira kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Mwekezaji anayetaka kujenga vati karibu na mto au chanzo cha maji hana budi kuanzia hapo, kabla hajamwaga zege.

Mafunzo kutoka nchi jirani

Dhahabu si metali pekee inayosubiri katika taka. Mfano wa karibu uko Kasese, magharibi mwa Uganda. Mgodi wa Kilembe, chini ya milima ya Rwenzori, ulianza kutoa shaba mwaka 1956. Pamoja na shaba ilitoka pairaiti yenye kobalti, ambayo haikuwa na soko wakati huo. Ililundikwa Kasese hadi kufikia takriban tani milioni moja. Baada ya uzalishaji kusimama, mvua iliendelea kulinyeshea rundo hilo. Pairaiti ikikutana na maji na hewa hutoa asidi, na asidi hiyo yenye metali ilitiririka kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth na Ziwa George, ikaacha ukanda wa ardhi usioota hata jani.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 kilijengwa hapo kiwanda cha kutoa kobalti kwa msaada wa bakteria. Vijidudu hivyo hujipatia nguvu kwa kuoksidisha chuma na salfa. Viliwekwa katika matangi yenye hewa na joto la wastani wa nyuzi 42, vikaivunja pairaiti, na kobalti ikayeyuka katika maji. Asidi ilizimuliwa kwa mawe ya chokaa. Kiwanda kilisimama kwa muda bei ya kobalti iliposhuka mwanzoni mwa miaka ya 2000, kikarejea, na kikafanya kazi hadi rundo lilipokwisha miaka ya 2010. Faida ilikuwa mbili kwa pamoja: kobalti iliuzwa, na chanzo cha asidi kikaondoka.

Mfano wa pili uko Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Tanuri la shaba la mji huo lilianza kazi mwaka 1911, na kwa miongo mingi masizi yaliyoyeyuka ya mawe yake yalimwagwa mahali pamoja hadi yakawa kilima cheusi kinachoonekana kutoka karibu kila pembe ya mji. Ndani yake mlibaki kobalti, zinki na jemaniamu. Wakati tanuri linawashwa, jemaniamu haikuwa na matumizi yoyote ya kiwandani. Leo huhitajika katika nyaya za mawasiliano zinazopitisha mwanga na katika lenzi za kamera zinazoona joto gizani. Mwaka 2024, kampuni ya Serikali ya Gécamines ilitangaza shehena ya kwanza ya makinikia ya jemaniamu kutoka kilima hicho, iliyopelekwa Ubelgiji kusafishwa.

Hapa pana funzo linalozihusu nchi zote zenye migodi. Taka ya leo haina thamani ya kudumu wala hasara ya kudumu. Bei hubadilika, teknolojia hubadilika, na metali isiyo na mnunuzi leo inaweza kutafutwa kesho. Aliyehifadhi mabaki yake kwa utaratibu, akaandika yametoka wapi na yana nini, ana akiba. Aliyeyamwaga mtoni amepoteza akiba hiyo na amewaachia wengine ugonjwa.

Jambo hilo linahusu hata vifaa vya umeme vilivyochakaa. Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na ni asilimia 22 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu. Bodi za simu na kompyuta zina dhahabu, fedha na shaba kwa viwango ambavyo migodi mingi haivioni ndani ya tani moja ya mwamba. Lakini kuzichoma jalalani ili kupata nyaya ni kurudia kosa lilelile la zebaki: kuokota kinachoonekana na kuvuta sumu ya kisichoonekana.

Mambo ya kuzingatia

Kwa mchimbaji anayemiliki marudio, mambo manne yanatosha kuanzia. Asiuze wala kuyaacha kwenye karasha kabla ya kupima. Asiyachanganye yenye zebaki na yasiyo nayo, kwa kuwa mchanga safi una soko pana zaidi na hatari ndogo zaidi. Ayahifadhi mahali palipoinuka, palipozungukwa na ukuta wa udongo, mbali na maji, ili mvua isiibe dhahabu wala kusambaza sumu. Ayaandikie mkataba unaotaja uzito mkavu, kiwango cha dhahabu na mgawanyo.

Kwa mwenye mtambo, leseni, sakafu isiyovuja na rekodi ya kila kilo ya kemikali ni sehemu ya gharama za biashara. Kwa halmashauri na ofisi za madini za mikoa, kujua marundo yako wapi na yana nini ni sawa na kujua hazina na hatari zilizo katika eneo lao.

Mchimbaji aliyeshuka shimoni kwa taa ya kichwani alihatarisha maisha yake kwa ajili ya gramu zote 120 katika mfano wetu. Ni haki yake kujua zile 72 zimekwenda wapi, na ni haki ya kijiji chake kwamba zikitolewa, kisima kibaki salama.